Masale ya Herufi

Mara mia nne na kumi na mbili
nilipiga picha ya giza.
Jeli tupu, safi kama sinia lililolambwa,
pembeni ngazi ya vipimo ikiwaka peke yake
kama taa za barabara ya Rau, mji umelala.

"Hakuna kitu, Daktari," Kiwelu alisema,
akaandika HASI kwenye daftari
kwa mwandiko wake wa karani wa mahakama.

Ila udongo ule niliuchota mwenyewe, Uru,
chini ya mgomba wa mama,
kisukari ulioanza kugeuka njano kingoni mwa majani,
kisha majani yakavunjika shingo, yakaning'inia
kama sketi ya mtu aliyekonda.
Nilikata shina. Mishipa ilikuwa ya rangi ya kutu.
Mwenye macho haambiwi tazama.
Mashine ikasema: hasi.

Nililaumu umeme wa Jumanne.
Nililaumu friza iliyoyeyuka wikendi ya Pasaka,
na kimeng'enya kilicholala siku tisa uwanja wa ndege
kikisubiri mhuri.
Nikailaumu mikono yangu.
Mume wangu anasema hata usingizini
kidole gumba changu kilikuwa kinabonyeza pipeti.

Tunatafuta hivi:
mfululizo wa vinasaba ni kihamba kirefu kisicho na njia,
huwezi kukilima chote.
Unapanda sale huku, unapanda sale kule,
unaiambia mashine: kati ya alama hizi, nakili,
nakili nakala, nakili nakala ya nakala,
mara thelathini na tano,
mpaka kisichoonekana kijae, kionekane.
Lakini masale yangu niliyanunua tayari,
yamepimwa kwa shamba la mtu mwingine, ng'ambo.
Sikuwahi kuuliza kama mpaka wetu unapita palepale.

Aliyeuliza ni Nakijwa, mwanafunzi wa mazoezi kutoka Same,
naye hakujua kwamba ameuliza.
Alibonyeza arobaini na nane
badala ya hamsini na nane.
Joto likashuka, masharti yakalegea,
sale likakubali kusimama hata pale lisipotoshea vizuri.
Asubuhi, katika giza lilelile,
mstari.
Mwembamba, kama uzi uliosahauliwa kwenye pindo.

Sikushangilia. Nilifunga mlango nikarudia.
Kwa maji matupu: giza.
Kwa udongo wa uwanja wa shule, pasipo na mgomba: giza.
Kwa udongo wa mama: mstari.
Nakijwa alisimama ukutani akidhani namfukuza.
"Uliandika ngapi?"
"Arobaini na nane. Nisamehe."
Kwetu, anayeomba msamaha huja na jani la sale mkononi.
Siku ile wa kulishika nilikuwa mimi.

Wiki saba baadaye herufi zikarudi kutoka zilikosomwa.
Moja tu, mwishoni kabisa mwa sale:
T palipotarajiwa A.
Miaka miwili, herufi moja!
Lakini kati ya kula na kufa
napo pana herufi moja.

Dirishani Kibo ilikuwa mawinguni tangu Jumatatu.
Moshi nzima,
hakuna aliyekuwa ameandika HASI.

Jumamosi nilimpelekea mama ile karatasi.
Aliishika mbali na macho, akaigeuza, akanirudishia.
"Kwa hiyo mgomba wangu utapona?"
"Hapana, Mama. Ila sasa huo ugonjwa tunaweza kuuona
kabla majani hayajageuka."
Akanyamaza kidogo.
"Basi shika jembe."

Tuling'oa shina hadi mizizi, tukalichoma palepale,
tukaacha shimo wazi lipigwe jua.
Mama akapanda sale kulizunguka,
watoto wasipite na miguu yao wakausambaza.
Mimi nilichota udongo ngumi moja,
nikautia kwenye mfuko.
"Bado tu unautaka?" akacheka.
Nikaandika juu yake kwa wino mzito:
413.